Kabla ya kuvuka kwenda Goma: maandalizi ya timu ya umisheni

Ukitaja Goma, mji wa mashariki mwa Kongo mpakani na Rwanda, watu huwaza risasi. Kwa timu ya kanisa itakayokaa mjini, hatari ya kila siku iko barabarani: kwenye kizuizi cha barabara, magharibi inaingia, gari limejaa wageni waliovaa fulana moja yenye jina la kanisa. Fulana zibaki nyumbani. Nguo za mabaka ya kijeshi pia.

Mwenyeji ndiye nguzo. Awe mchungaji anayeweza kuwaambia "wiki hii msije", nanyi mkamtii hata kama nauli imeshalipwa. Mpigieni wiki 2 kabla, siku 3 kabla, na asubuhi ya safari. Mwulizeni vitu vya kuonekana: barabara ipi inapitika? Soko limefunguliwa? Watoto wamekwenda shule? Jibu la "hali ni shwari, karibuni" halitoshi, maana muungwana huona haya kumzuia mgeni.

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji. Njia iliyozoeleka ni kutua Kigali, kupanda gari hadi Gisenyi, mji wa mpakani upande wa Rwanda, kama kilomita 150 za milima, ndipo mvuke mpaka. Fikeni mpakani kabla ya saa 6 mchana. Karatasi zikileta utata, bado mna muda wa kutafuta pa kulala Gisenyi.

Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo anayechanjwa wiki ya safari amechelewa. Aliyetoka Nairobi au sehemu nyingine yenye malaria kidogo huenda akaandikiwa doksisiklini, dawa ya kuzuia malaria: miligramu 100 kila siku, kuanzia siku 1 au 2 kabla, hadi wiki 4 baada ya kurudi. Hizo wiki 4 ndizo watu huzikata, wakidhani wamepona safari. Kidonge kimeze pamoja na chakula na maji mengi, wala usijilaze papo hapo. Kikikwama huunguza umio.

Pesa: msitegemee benki wala ATM. Bebeni dola safi. Noti iliyochanika pembeni kidogo tu, au yenye alama ya kalamu, hurudishwa. Msimpe mtu mmoja mfuko wote.

Someni bima mstari kwa mstari. Nyingi hazilipi madhara ya vita, na nyingine hufutika pale serikali yenu ikishaonya raia wasiende huko. Wakala hatawaambia hilo msipouliza.

Kila mmoja aache kwenye bahasha iliyofungwa, kwa mtu mmoja nyumbani, maswali 2 ambayo yeye peke yake anaweza kuyajibu, pamoja na majibu yake. Mtu akitekwa, ndivyo familia huhakikisha kwamba yu hai kabla ya mazungumzo yoyote. Wengine hulikwepa jambo hili wakiona ni kukosa imani. Basi wasiende.

Ratiba ya simu: saa 1 asubuhi na saa 12 jioni, wote wakiwa wameshaingia ndani. Simu moja ikikosekana, aliye nyumbani ampigie mwenyeji. Picha za ibada zisirushwe WhatsApp mpaka timu yote ivuke kurudi, na askari, kizuizi au daraja visipigwe picha kabisa.