Norwei ukialikwa, nenda na hela yako

Mnaniuliza njia ya kufika Norwei; sikilizeni kwanza. Jana jioni kule Kamalondo, hapa Lubumbashi, nililetewa bili ya meza nzima. Chupa za bia ya Simba zilijaa hadi pa kuweka kiwiko hapakuwepo, na nusu ya wanywaji nilikuwa siwajui. "Yaya (yaani mkubwa wao), si unatoka Bulaya?" Nikalipa. Norwei ninakoishi nimeonja kinyume chake: mwenzangu wa kazini alitualika siku yake ya kuzaliwa, tukala keki na kahawa, mhudumu akatupitia na kimashine chake cha kulipia, mmoja mmoja. Mwenye sherehe wala hakuona haya. Hela yao, korona, zaidi ya mia kila mtu! Pigeni wenyewe hesabu ya sahani za bukari (ugali) na samaki wa thomson.

Mahali penyewe ninakoishi lakini pana mambo. Mji unaitwa Skien, na kwenye kisiwa cha Klosterøya, mtoni, palikuwa na kiwanda cha karatasi cha Union, kilichoanzishwa mwaka 1873. Magogo yalishushwa kwa maji kutoka bara ya Telemark, yakasagwa, zikatoka karatasi za magazeti. Mwaka 2006 wenye mali wakakifunga, na wenyeji wanakuambia mpaka leo kwamba kilikuwa bado kinaingiza faida. Sasa pale kuna ofisi, migahawa, hata shule ya sekondari.

Leo hapa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, nimemwonyesha papa, baba yangu, picha ya kiwanda hicho. Papa ni mtu wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi ya shaba, mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka kwa départ volontaire, yaani kuacha kazi kwa hiari, kuanzia mwaka 2003. Sisi watoto tuliona kwanza gunia la unga halijafika, kisha karo, kisha dawa za hospitali ya kampuni. Akaikuza picha kwa vidole viwili, anatafuta bomba la moshi.

"Na wafanyakazi je?"

Nikamweleza kwamba walilalamika sana, lakini huko serikali humlipa aliyepoteza kazi kwa muda, huku akitafuta nyingine. Akanirudishia simu bila neno.

Hasira yangu iko hapo. Vijana wakiiona picha wanashangaa matofali: wazungu wamegeuza kiwanda mgahawa, sisi hapa Lubumbashi tumebaki na bomba la moshi la Gécamines na ule mlima mweusi wa masalia ya shaba. Matofali ni kitu gani? Mwenye pesa hugeuza lolote, na hata mlima wetu umetolewa kobalti. Kazi ni kumlisha baba wa watoto kati ya ajira iliyokufa na ile isiyofika bado. Hilo hapa nani alilifikiria? Papa na wenzake wangali wanadai haki zao.

Kwa hiyo mnaoniuliza njia ya Norwei, acheni habari za majengo. Jifunzeni Kinorwei mapema, tafuteni kazi yenye mkataba, mkatwe kodi hata ikiwauma. Anayelipwa mkononi, kimyakimya, hana cha kudai siku mlango ukifungwa, hata huko.