Anayeandika Dawa Ndiye Mwenye Dhamana

Mwezi uliopita niliketi mbele ya daktari wa mtaani kwetu hapa Kampala, mkononi nikiwa na ripoti ya kliniki ya binafsi, huku mwanangu wa miaka tisa akifungua na kufunga droo ya meza yake bila kukoma. Ripoti ilieleza kwamba mtoto ana ADHD, yaani hali ya kushindwa kutulia na kumakinika, ikapendekeza atumie methilifenidati, dawa ya kutibu hali hiyo. Daktari aliisoma hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mama, saini yangu ikikaa kwenye cheti cha dawa hii, mwenye kuulizwa ni mimi, na mimi sikumpima."

Nilikasirika, kwa sababu tathmini hiyo ilimeza karo ya muhula mzima, na kliniki, nilipoipigia simu, ilijibu kwamba kazi yake ilikuwa kupima tu. Lawama yangu naiweka hapo. Anayependekeza dawa ambayo hataisimamia amemwachia mzazi mzigo usiobebeka.

Dawa hii imo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo haiandikwi kama dawa ya mafua. Huweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, hupunguza hamu ya kula, na inaweza kuchelewesha kimo cha mtoto. Ndiyo maana dozi huanza ndogo na kupandishwa hatua kwa hatua, mtu akifuatilia.

Dada yangu anayeishi Uingereza amekwama vivyo hivyo. Kule mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, unataka bingwa aanzishe dawa na kuituliza dozi, ndipo daktari wa familia aendelee kuiandika kwa makubaliano ya kugawana huduma, ambayo anaweza kuyakataa. Hata hivyo, makubaliano hayo huandikwa. Kwetu, ambako mabingwa wa afya ya akili ni wachache na wengi wao wako Kampala, mzazi wa Arua au Kasese anahitaji karatasi kama hiyo kuliko yeyote: nani atapandisha dozi, nani atapima, nani atapigiwa simu usiku mtoto akizimia.

Kabla hatujaondoka, daktari alimpandisha mwanangu kwenye mizani, akamshika kifundo cha mkono huku akitazama saa yake, akaandika nyuma ya ripoti, kwa ajili ya bingwa tutakayemwona Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili: kilo 26, mapigo 92. Hivyo vilikuwa vipimo vya kwanza kuandikwa kwenye ripoti ile.