Mwendo wa watoto

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Niliwaahidi kwamba wiki hii tungeendelea na Nehemia. Naombeni radhi. Kila nikikaa kuandika, sauti ya bibi mmoja wa mlimani inanirudia masikioni, basi Nehemia na ukuta wake watusubiri kidogo.

Jumamosi iliyopita mama watoto alikuwa zamu, nikasema leo nawapandisha wanangu Morningside. Wa Morogoro mnapajua: unauacha mji, unapita Boma, unaanza kuipanda Uluguru hadi kwenye ile nyumba kuukuu ya enzi za Wajerumani, na ukigeuka unauona mji wote umelala chini yako. Nilibeba chapati sita, ndizi na chupa mbili za maji. Mkubwa ana miaka 6, mdogo ana 3. Na niseme kweli mbele za Mungu, kilichokuwa moyoni mwangu ni picha. Nilitaka tufike, tusimame pale, nipige picha, niweke stetasi, watu wamwone baba anayejali familia yake.

Hatujafika hata robo ya njia, mdogo akamwona jongoo. Mweusi, mnene kama kidole changu. Akamgusa kwa kijiti, jongoo akajikunja akawa kama kifungo cha koti. Basi, safari ikaishia hapo. Mtoto akachuchumaa, mikono juu ya magoti, anasubiri jongoo ajikunjue. Nikamwambia twende. “Baba, bado amelala.” Nikavumilia, nikatazama saa, nikasema tena twende, sasa kwa ile sauti mnayoijua. Dada yake naye akaja akachuchumaa upande wa pili. Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikamkamata mdogo mkono nikamvuta. Akaanguka, goti likachubuka, kilio kikasikika mlima mzima.

Bibi mmoja alikuwa anateremka na tenga la karoti kichwani, anaziwahisha sokoni. Hata hakusimama vizuri. “We baba, mbona unamburuta mtoto kama mbuzi wa mnadani? Mlima hauhami huo.” Akaendelea zake.

Nimekaa chini ya wahubiri wengi, wapendwa, ila sijapata kuhubiriwa kwa ufupi namna ile.

Tukakaa kando ya kijito, nikamwosha goti. Pale pale likanijia neno ambalo nimelisoma miaka mingi bila kulisimamia. Mwanzo 33. Esau amekuja na watu wake 400, ndugu wamekumbatiana, wamelia, na Esau kwa furaha yake anasema haya twende, nitakutangulia. Yakobo anamjibu kwamba watoto hawa ni wadogo, na kundi lina wanaonyonyesha, wakikimbizwa hata siku moja tu watakufa. Wewe tangulia, bwana wangu. Mimi nitakwenda polepole, kwa kadiri ya mwendo wa watoto.

Najua, walimu wa Biblia mtaniandikia. Yakobo ni Yakobo: alisema anamfuata kaka yake Seiri, kisha akakata kona akaenda Sukothi. Lakini tazameni sura iliyotangulia. Mtu huyu alikuwa ametoka kushindana na malaika usiku kucha, na jua lilipomzukia alikuwa anachechemea. Yakobo wa zamani, yule wa kuwahi baraka kabla ya mwenzake, asingekubali kuachwa nyuma na msafara wa Esau. Huyu wa sasa nyonga inamuuma, na anauona mwendo wa mtoto kuwa ni mwendo wake pia. Mimi nyonga yangu bado nzima, ndiyo maana namvuta mtoto.

Na Mungu wetu ndivyo anavyotembea na sisi! Hosea anasema ni yeye aliyemfundisha Efraimu kwenda, akiwachukua mikononi. Isaya 40:11, mnaijua kwa moyo, “nao wanyonyeshao atawaongoza polepole.” Mpendwa, hebu hesabu. Umeokoka mwaka gani? Tangu mwaka huo, ni jongoo wangapi umechuchumaa kuwatazama, na yeye amesimama njiani anakungoja? Mimi nilikaa miaka minne sisalimiani na ndugu yangu wa tumbo moja kwa sababu ya kiwanja. Miaka minne naimba kwaya, natoa sadaka, napita mbele ya nyumba yake nimegeuza uso upande wa pili. Bwana angeweza kunikamata mkono akanivuta, na goti langu lingechubuka vibaya. Hakufanya hivyo. Alikaa na mimi pale pale kwenye kiwanja, akinisemesha taratibu, mpaka asubuhi moja nikajikuta nabisha hodi kwa ndugu yangu nikiwa sijui hata nitasema nini. Alifungua akasema, “Chai ipo.” Leo nikikumbuka nalia. Mungu mwenye ulimwengu wote mkononi, asiye na saa ya kuwahi, alikubali kwenda mwendo wangu mimi. Halafu mimi nashindwa kumngoja mtoto wa miaka mitatu dakika tano!

Akina baba, hapa naomba niseme na ninyi, na mimi nimo. Wengi wetu tunawafahamu watoto wetu wakiwa wamelala. Tunatoka hawajaamka, tunarudi wameshalala. Jumatatu kamati ya ujenzi, Jumatano maombi, Ijumaa mkesha, Jumamosi kikao cha harusi. Mimi nipo kwenye kamati mbili na moja nina uenyekiti, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole. Kanisani tunasoma “Waacheni watoto wadogo waje kwangu” kwa sauti nzuri, nyumbani mtoto akija ni “nenda kwa mama, baba amechoka.” Au tunampa simu aangalie katuni ili tupumzike. Huo sio uchovu wa kazi peke yake, ndugu zangu. Kuna mahali moyo umehama.

Wala usiniambie huna nauli ya kwenda kutalii. Kumbukumbu la Torati 6:7 halikutaja mlima, limetaja “utembeapo njiani.” Njia ya kwenda dukani kwa Mangi kununua mkate inatosha. Jumanne nilikwenda na huyu mdogo bila kumharakisha, tukatumia nusu saa kwa safari ya dakika sita. Tulihesabu bodaboda mpaka namba zake zikaisha, yaani tisa, tukaanza upya. Alipofika kwenye dimbwi aliniomba ruhusa kwa macho. Nikasema haya.

Walio mbali na watoto wao kwa sababu ya kazi, siwasemi ninyi leo. Najua mnavyoumia.

Morningside hatukufika. Chapati tulizila pale pale kijitoni, picha sikupiga. Mkubwa akaniuliza maji haya yanakwenda wapi. Nikamweleza kwamba maji ya milima hii yanateremka mpaka Mto Ruvu, na ya Ruvu yanasafishwa, yanaingia kwenye mabomba, ndiyo wanayokunywa watu wa Dar es Salaam. Akanyamaza kidogo. “Kwa hiyo na bibi wa Kimara?” Na bibi pia. Akachuma jani pana, mdogo wake akaliwekea kipande cha chapati juu, wakaliachia majini wakiwa wamelishika wote wawili. Lilikwama kwenye jiwe, tukangoja. Likazunguka mara mbili, likaponyoka, likaenda.

Jana jioni tukampigia bibi. Kabla hata ya shikamoo, mdogo akauliza, “Bibi, jani limefika?” Mama yangu, Mungu ampe maisha marefu, hakuuliza jani gani. Akasema, “Bado, mjukuu wangu. Huku maji ni ya mgao, yanatoka Ijumaa.”

Ndiyo leo. Tangu nimeanza kuandika hapa ameshakuja mara tatu kuniuliza kama bibi amefungua bomba.