Difu ya kiwandani, rimu za baadaye

Mdogo wangu anataka Toyota 86, kigari cha spoti cha milango miwili na viti vya nyuma vya kubana, na barazani kwetu Kikwajuni ni ubishi kila jioni. Yeye anasema achukue ya bei ya chini, pesa itakayobaki ampe fundi ailiboreshe. Hoja anayo: mwaka 2012 Toyota waliuza Japani daraja la RC, bampa hazijapakwa rangi, rimu za chuma inchi 16, kiyoyozi hakuna. Hilo lilikuwa la watu wa kuchokonoa, wanaobadilisha gari wenyewe. Injini ni ileile ya madaraja mengine, ya Subaru, lita 2, nguvu za farasi 200.

Lakini yakhe, Unguja mwezi wa Februari bila kiyoyozi? Kukifunga baadaye ni kompresa, mabomba, waya, na dashibodi nzima ifunguliwe. Ikirudishwa haiachi kulialia. Na difu ya Torsen, ile inayozuia tairi moja la nyuma lisizunguke bure, bora itoke nayo kiwandani, kama daraja la juu la GT.

Rimu na ekzosi, achezee atakavyo. Springi tu zisikatwe kwa grenda ili gari ishuke! Niliona gari moja Mwanakwerekwe, vipande vya koili bado vya moto sakafuni, mwenyewe anachekelea. Tuta la kwanza, bampa chini.

Mama yeye anauliza tu, nyuma atakaa nani.