Kilwa Kisiwani, na vigae nilivyovikanyaga

Basi lilitoka Mbagala alfajiri, na mpaka tunavuka daraja la Mkapa pale Rufiji wazee wawili wa siti ya mbele yangu walikua washaanza kubishana, mmoja anasema Kilwa wamejenga Washirazi, wamekuja na majahazi yao toka Uajemi, mwenzie anasema aah wapi, ule mji wetu, hao wageni wamekuta watu. Wote wawili wa Kilwa hukohuko, magofu wameyaona tangu wadogo! Hilo likanikaa kichwani mpaka nashuka Nangurukuru, mpaka naingia Masoko kulala.

Asubuhi nikalipia kibali, nikapewa mzee wa kunitembeza, tukavuka kwa mashua. Gereza, ile ngome ya zamani, unaliona tangu upo majini. Lakini kilichonifanya nikae kimya ni Msikiti Mkuu, upande mmoja ni wa karne ya 11, ule wenye makuba uliongezwa baadaye, na mawe yote ni matumbawe ya bahari hiihii. Alafu ukitembea mpaka Husuni Kubwa, jumba la Sultan al-Hasan bin Sulaiman, kuna birika la pande nane na mbele yake bahari. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji, na mi pale nikamwelewa kabisa.

Tulipokaa kivulini nikamwambia mzee ule ubishi wa kwenye basi. Akasema, "Mwanangu, hata waliochimba wamebishana hivohivo."

Na ni kweli. Neville Chittick, Mwingereza, alichimba hapa miaka ya 1960 na kule chini kabisa alikuta mabaki ya nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji, mavi ya chuma, yani ushahidi wa watu waliokuwepo alikua nao mkononi mwake mwenyewe. Ila kichwani tayari kulikua na ile habari ya tarehe ya Kilwa, yani maandishi ya kale ya historia ya mji, ya Ali bin al-Hasan wa Shirazi aliyenunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia chote, kwaiyo mji wa mawe na misikiti akauona ni kazi ya waliokuja. Miaka ya 1980 Mark Horton akachimba Shanga, kule kisiwa cha Pate, Kenya, chini ya msikiti wa mawe akakuta vimisikiti vya miti, kimoja juu ya kingine, kurudi nyuma mpaka karne ya 8, watu wa palepale wanabomoa na kujenga kikubwa zaidi. Mwaka 2023 ikaja DNA ya mifupa ya makaburi ya pwani, Kilwa ikiwemo: upande wa mama wengi Waafrika, upande wa baba wengi Waajemi. Ukiwapa wale wazee wa kwenye basi matokeo haya kila mmoja ataondoka na nusu yake. Mi naona hawa watoto walilelewa kwa lugha ya mama zao, ndo hii naandikia hapa, na hilo kwangu lina uzito kuliko kuba lolote.

Sasa, jioni tunarudi kuelekea mashua, mimi macho chini natafuta vigae vya Kichina, yani vipande vya vyombo vilivyovunjika, maana nilisoma vipo vingi, na kila nikiona kijani au buluu inang'aa napiga picha. Mzee akaniangalia weee, alafu akainama akaokota kipande cheusi cha chungu, kina mistari imechorwa shingoni, akaniwekea kiganjani. "Hiki mbona hupigi? Bibi yangu alikua anapikia chungu cha mistari hivihivi."

Nikageuka nyuma kuangalia njia tuliyopita. Vigae vya namna ile vilikua vimejaa, kwa kila kimoja cha Kichina vya kienyeji havihesabiki, na nilikua navikanyaga toka asubuhi. Nikafungua simu. Picha 14 za vigae, zote za Kichina. Na mimi ndo niliyekua namuunga mkono yule mzee wa "mji wetu" kwenye basi!

Kile kipande tukakirudisha palepale kilipotoka. Nikamuuliza mzee kama kesho yupo. Akasema yupo, ila tuwahi maji yakijaa. Tiketi ya kurudi Dar nikaisogeza mbele siku moja, asubuhi nikalipa kibali tena, nikavuka.