Kusaka Chakula cha Georgia Mjini London

Orodha ilitoka kwa shemeji yangu, mzaliwa wa Savannah, jimbo la Georgia, Marekani, na ilikuwa ya Sikukuu ya Shukrani, ile Alhamisi ya nne ya Novemba ambapo Marekani inakaa mezani na Uingereza inakwenda kazini kama kawaida. Boga la kopo, biskuti za graham, sharubati ya mahindi, grits (chenga za mahindi za kupikia uji mzito), majani ya collard, unga wa mahindi wa kuokea mkate, mtindi, vitunguu vya kukaanga vya kunyunyizia. Tunaishi Leicester. Tiketi ya treni ya asubuhi kwenda St Pancras, ukiikata siku hiyohiyo, inaweza kununua bata mzinga pamoja na mboga zake, na bado nilisimama mlangoni njia nzima.

Wamarekani wa London wana vituo vyao. Kaskazini ni St John's Wood, kwa kuwa shule yao iko huko na wauza duka wa jirani wanawajua wateja wao. Magharibi ni Kensington High Street. Ubalozi wao uliondoka Grosvenor Square mwaka 2018 ukahamia Nine Elms, kusini ya mto, lakini ubalozi haumlishi mtu, kwa hiyo nilishika njia ya Kensington.

Rafu ya Kimarekani ya duka la huko haikuwa na boga. Makopo haya huletwa kwa ajili ya majira ya vuli, na wenyewe wanaojua hununua mapema Oktoba na kuyaficha kabatini. Ukifika katikati ya Novemba unakuta stika ya bei na nafasi tupu. Kopo linalotafutwa ni la Libby's, gramu 425, na ndani hamna kitu ila boga lililopikwa na kupondwa. Kiwanda chake kiko Morton, Illinois, na boga lenyewe ni la aina ya Dickinson, lenye ganda la rangi ya mchanga na nyama nzito. Si lile la rangi ya chungwa ambalo Waingereza hulichonga macho na meno. Hilo la kuchonga limezalishwa liwe kubwa, na ndani ni nyuzi na maji matupu. Ukilipondea pai, unga wa chini unalowa na katikati haigandi hata ukeshe nalo kwenye oveni.

Muuzaji mmoja akaniambia nijaribu Oxford Street. Ushauri huo nisingempa hata adui.

Pale Oxford Street, hasa baada ya janga la korona, yaliota maduka ya pipi za Kimarekani, taa kali, bendera, maboksi ya nafaka za watoto hadi darini. Mwaka 2022 halmashauri ya Westminster ilitangaza kwamba inayachunguza takriban 30 kwa kodi za biashara zisizolipwa, na bidhaa bandia zikakamatwa katika baadhi yao. Nililoingia mimi silitaji jina. Boksi la nafaka ambalo Marekani hununuliwa kwa dola nne au tano lilikuwa pauni 10. Bidhaa nyingi hazikuwa na bei kabisa, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kukufanya ugeuke.

Kopo la boga lilikuwapo, kwenye rafu ya chini, limeandikwa 5.99. Nilipoligeuza nikakuta stika nyeupe imebandikwa juu ya orodha ya viambato. Stika yenyewe si kosa. Chakula kilichotengenezewa soko la Marekani kinatakiwa kipate lebo ya Kiingereza ya hapa, yenye jina na anwani ya mwagizaji, na kama kina rangi kama ile Wamarekani wanayoiita Red 40, lazima iandikwe E129 pamoja na onyo kuhusu watoto na utulivu wao. Lakini hii stika haikuwa na anwani wala viambato. Ilikuwa na msimbo wa mistari tu, na chini yake maandishi ya kiwandani yalikuwa yakichungulia. Nikampigia shemeji.

"Shemeji, soma mbele," akasema. "Limeandikwa boga tupu, au mchanganyiko wa pai?"

Lilikuwa mchanganyiko wa pai. Makopo haya mawili yanafanana rangi na nembo, ila la mchanganyiko lina sukari na viungo tayari. Mtu akilitumia kwa mapishi ya boga tupu anaweka sukari juu ya sukari na karafuu juu ya karafuu, na pai inatoka tamu ya kukereketa koo. Nilimwambia kijana wa kaunta kwamba natafuta lile lisilo na sukari.

"Boga ni boga, kaka," akanijibu, na mashine yake ikasoma 8.99.

Nikamwonyesha rafu. Akasema rafu ni ya zamani. Sheria ya hapa haimlazimishi mwenye duka kukuuzia kwa bei aliyoibandika, kwa hiyo kubishana kwenye kaunta hakukupi kopo. Lakini kubandika bei ya kupotosha ni kosa, na mahali pa kulipeleka ni kwa maofisa wa biashara wa halmashauri, ukiwa na picha ya rafu na risiti. Picha nilipiga. Kopo nililiacha. Nilichotoka nacho ni boksi la biskuti za graham, ghali kupita kiasi, ambazo nilipozitikisa zilisikika zimeshasagika. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusagwa ziwe kitako cha keki ya jibini, hiyo ndiyo huduma pekee niliyopewa bure. Ukweli ni kwamba hazihitajiki hata kidogo. Biskuti za digestive za supamaketi yoyote zinatosha, ila zina mafuta zaidi: punguza siagi, gramu 70 kwa gramu 200 za biskuti, la sivyo kitako kinachuruzika mafuta na kugandamana na bati.

Kutoka Oxford Circus, treni ya Victoria inakushusha Brixton, mwisho wa njia. Na hapa ndipo orodha ya Georgia ilipoanza kupungua.

Ukitoka kituoni unaingia sokoni Electric Avenue, na mboga zinauzwa kwa bakuli, pauni 1 au 2 bakuli, yaani fungu kama la Kariakoo, na ubishi wake wote: mteja anataka nyongeza, muuzaji anafunika nyanya mbovu kwa nzima. Mama mmoja wa Kijamaika, muuza nafaka na vikopo, nilimsomea orodha. Nilipofika kwenye grits alinicheka.

"Watu wanakwenda mjini kutafuta mahindi? Mwanangu, mahindi yako hapa tangu tushuke melini."

Alikuwa na unga wa mahindi wa aina tatu, laini, wa kati na wa chenga. Wa laini Wajamaika huutumia kwa uji, wakitia maziwa mazito na kungumanga. Wa kati ndio wa mkate. Na wa chenga ndio unaosimama mahali pa grits. Ukikosa wa chenga, polenta ya Kiitaliano inafaa, mradi pakiti isiwe imeandikwa dakika tano, kwa maana hiyo imeshapikwa na inageuka gundi. Kipimo ni kikombe kimoja cha chenga kwa vinne vya maji, chumvi tangu mwanzo, moto mdogo, dakika 35 hadi 40. Mkono wa mpika ugali unaharibu hapa. Sisi hukaza, grits hulegezwa, iteremke kwenye mwiko polepole, na siagi iingie mwisho. Ikianza kukaza, ongeza maji ya moto, si ya baridi, ambayo huacha mabonge. Na usije ukachukua pakiti iliyoandikwa cornflour katika supamaketi ya Kiingereza ukidhani ni unga wa mahindi. Ni wanga mtupu wa kukazia mchuzi.

Mahindi yale yalikuwa ya njano, na nikikaa na pakiti ile mkononi niliwaza wazee wangu. Enzi za upungufu wa chakula Tanzania ililetewa mahindi ya njano kutoka Marekani, watu wakaubatiza ugali wake ugali wa Yanga kwa rangi ya jezi, wakaula huku wakilalamika kwamba ni chakula cha mifugo. Mama yangu mpaka leo hagusi unga usio mweupe. Na mimi niko Brixton natoa pauni zangu kununua wa njano, kumfurahisha Mmarekani.

Shemeji hakujali rangi. Georgia wana grits nyeupe na za njano. Anayetaka nyeupe aende maduka ya Waafrika Kusini, ambako kuna unga mweupe na pia mahindi yaliyokobolewa na kupasuliwa, ndugu wa mahindi yetu ya makande.

Collard nayo haikuhitaji safari. Sukuma wiki ni collard. Ni mmea uleule, kabichi isiyofunga. Waingereza wanauza ndugu yake mchanga kwa jina la spring greens, na hupatikana hata nje ya majira ya kuchipua. Tofauti ni umri wa jani. Collard ya Georgia huchemshwa saa nzima na zaidi pamoja na nyama ya moshi. Hii ya hapa dakika 25 zinatosha, ukizidisha inapotea sufuriani. Toa uti wa katikati, kunja majani, kata vipande vya upana wa vidole viwili (si vyembamba vile tunavyokata nyumbani, hapo shemeji huwa mkali). Kwa nyama ya moshi wenyewe hutumia mguu wa nguruwe. Kwetu hapana, kwa hiyo nilichukua shingo za bata mzinga za moshi kutoka bucha la Waafrika Magharibi. Zichemshe peke yake dakika 40 kwanza, uonje chumvi ya maji, ndipo majani yaingie na siki kijiko kimoja.

Boga nalo likapata jibu palepale: butternut mbili, kilo 2 kwa jumla. Zinapasuliwa kwa urefu, zinaokwa nyuzi 200 zikiangalia chini kwa muda wa saa moja, zinapondwa, kisha zinaachwa kwenye kitambaa juu ya chujio kwa saa mbili zidondoshe maji. Usiiruke hatua hiyo ya kitambaa. Pima gramu 425, ndiyo kopo lako. Mapishi ya kawaida yanataka mayai mawili, sukari robo tatu ya kikombe, mdalasini kijiko cha chai, tangawizi nusu, karafuu robo, chumvi nusu, na kopo la maziwa ya evaporated. Hapo mtego mwingine: kopo la Marekani ni mililita 354, la Uingereza ni gramu 410, na ukimimina lote umezidisha mililita 30 hivi. Bakiza kidogo kwa chai. Dakika 15 kwa nyuzi 220, kisha 40 hadi 50 kwa 180, na uitoe katikati ikiwa bado inatikisika.

Vilivyobaki nilivipata bila hata kuuliza. Sharubati ya mahindi hubadilishwa na golden syrup, ile ya Lyle's yenye simba, gramu 340 kwa kila kikombe, ukipunguza sukari kwa gramu 50 na kukamulia limao kwa sababu ni tamu zaidi. Mtindi wa supamaketi huja kwenye vikopo vidogo vya mililita 300 hivi. Duka lolote la Wapolandi lina maślanka, yaani mtindi wao, ya lita nzima kwa bei isiyofika mbali na hiyo. Kwa mkate wa mahindi unahitaji mililita 240 tu, na unga wa kati gramu 150, unga wa ngano wa kawaida gramu 125, mayai mawili, siagi gramu 60, baking poda vijiko viwili vya chai, bikaboneti ya soda nusu. Usitumie unga wa self-raising pamoja na baking poda. Mkate unapanda, unapasuka, kisha unazama. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vimejaa kila mahali, na ukisoma lebo mara nyingi ni vya Marekani kwenyewe. Bata mzinga mbichi mzima, Waingereza wanamngojea Krismasi, kwa hiyo agiza buchani wiki mbili kabla. Wa barafu anahitaji siku mbili au tatu za friji kwa kilo 5.

Ndugu wa shemeji walishajitolea kutuma vitu kwa posta. Zawadi isiyozidi pauni 39 inapita bila kodi, lakini nyama na maziwa kutoka Marekani haviruhusiwi, na nyama yao kavu ya pakiti ikionekana inachukuliwa.

Vitunguu vya kukaanga London nzima vilinishinda. Kilichokuwapo kilikuwa kikopo cha gramu 170 kwa pauni 6. Kesho yake, Melton Road, hapahapa Leicester, niliingia duka la mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja na kuondoka Uganda mwaka 1972 na wazazi wake. Kiswahili chake kina kutu lakini kinatembea. Nilimweleza: vitunguu vikavu, vya kahawia, vya kunyunyizia juu ya maharagwe mabichi.

"Si vya biriani hivyo?" akasema, akanitupia mfuko wa gramu 400. Pauni 3. Kisha akaulizia muhogo: "Na mogo je, ndugu, leo huchukui?"

Nikachukua na mogo.