Ligi ya chesi ya makampuni huharibikia getini

Timu nane, meza nne kwa kila timu (yaani wachezaji wanne, kila mmoja na ubao wake), mkondo mmoja: kila timu inakutana na nyingine mara moja tu. Hapo mna raundi saba na mechi 28, na kwa ligi ya wafanyakazi huo ndio mzigo unaobebeka. Raundi moja kila baada ya wiki mbili, na ruka wiki ya mwisho wa mwezi, maana watu wa uhasibu hawatoki ofisini hata kama mechi ni ya ghorofa ya chini. Ratiba hamna haja ya kuibuni. Jedwali la Berger, lile la kupanga nani anacheza na nani kila raundi, lipo siku zote: raundi ya kwanza 1 na 8, 2 na 7, 3 na 6, 4 na 5. Mnachopiga kura ni namba tu. Timu zikiwa saba raundi zinabaki saba, ila kila raundi timu moja inapumzika.

Olimpiadi ya chesi nayo huchezwa kwa meza nne, na akiba mmoja. Kwa ofisi akiba mmoja hatoshi. Sajilini wanane, kwa sababu mmoja atakuwa safari ya kikazi Mwanza, mwingine zamu, na wa tatu bosi amemshika saa kumi na moja kamili na ripoti ya "dakika tano tu".

Nani ni mfanyakazi? Ugomvi mkubwa wa ligi hizi uko hapa, na waliopita michezo ya SHIMIWI, ile ya watumishi wa wizara na idara za serikali Tanzania, wanalijua neno lake: mamluki, mchezaji wa kuazima asiye mfanyakazi. Barua ya idara ya rasilimali watu yenye majina yote, ifike kabla ya raundi ya kwanza; usajili mpya ufungwe raundi ya tatu. Semeni mapema kuhusu wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wa mkataba mfupi, na walinzi na wasafishaji walioajiriwa na kampuni nyingine lakini wanashinda hapo kila siku. Mimi ningewaruhusu hao wa mwisho, kwa sharti la miezi mitatu kwenye jengo. Mara nyingi mlinzi ndiye anayeijua chesi kuliko ghorofa nzima.

Wachezaji wapangwe kwa ubora, wa kwanza hadi wa nane, na orodha ibaki hivyo msimu mzima. Wa meza ya pili asipofika, wa tatu anapanda, wa nne anapanda, akiba anaingia chini. Meza ikikosa mtu iwe ya mwisho. Bila kanuni hiyo nahodha mjanja ataacha meza ya kwanza tupu, apoteze pointi moja ambayo angeipoteza tu, kisha watu wake wenye nguvu washuke kuwala wanyonge.

Sasa muda. Anzeni saa 12:00 jioni, dakika 45 kwa mchezaji na nyongeza ya sekunde 15 kwa kila hatua. Mchezo wa hatua 60 unampa kila mmoja saa nzima, kwa hiyo saa 2:00 usiku mnakunja ubao. Mkiiga mashindano makubwa, dakika 90 na sekunde 30, hatua hizo hizo 60 zinakula saa nne, na kiyoyozi cha jengo kilizimwa zamani.

Saa za kidijitali zina mtego mmoja. Nyingi zina nyongeza (sekunde zinazojumlishwa kwenye muda wako) na pia zina ucheleweshaji (sekunde za bure kila hatua ambazo hazilimbikizwi), na mtu mwenye haraka huchagua kisichotakiwa. Dalili yake: mchezaji anajibu kwa sekunde tatu lakini muda wake hauzidi ule aliokuwa nao kabla ya hatua. Bonyezeni hatua mbili za majaribio kabla ya kuanza, na wekeni saa ya tano pembeni pamoja na betri.

Mtego wa pili uko kwenye sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia: kanuni za mashindano zisipotaja muda wa kumsubiri aliyechelewa, muda huo ni sifuri. Yaani aliyekwama foleni ya Ubungo akaingia saa 12:01 ameshapoteza. Andikeni dakika 30, na saa yake iwe inakwenda. Mwenyeji naye apeleke majina ya wageni mapokezi siku moja kabla. Wageni wakishikiliwa getini dakika 20 wakijaza daftari, saa inayokatwa ni ya mwenyeji. Bila adhabu hiyo majina hayatafika kamwe.

Simu ni kasheshe ya pekee. Sheria ni kali, lakini kuna mtu wa mitambo aliye zamu ambaye simu yake ikizimwa benki inalala. Nahodha amtaje kabla ya mchezo, simu ikae kwa mwamuzi, na ikiita mwamuzi ndiye apokee.

Kushinda mechi ni pointi 2, sare 1. Pointi za meza, yaani zile za wachezaji mmoja mmoja, zinatenganisha waliolingana kwenye msimamo. Ushindi wa mezani (ndiyo, kwenye chesi kila ushindi ni wa mezani, lakini mnanielewa) usiandikwe 4–0. Wapeni pointi 2 za mechi na 2½ za meza, la sivyo bingwa atapatikana kwa kucheza na timu isiyotokea. Timu ikijitoa kabla ya kumaliza nusu ya mechi, matokeo yake yote yaondolewe kwenye msimamo. Kwa raundi saba, aliyecheza tatu anafutwa. Aliyecheza nne anabaki, na zilizobaki anapoteza.

Mkiweka fainali na ikaisha 2–2, wengi huhesabu uzito wa meza ambazo kila timu imeshinda: ya kwanza 4, ya pili 3, ya tatu 2, ya nne 1. Lakini timu moja ikishinda meza ya 1 na ya 4, nyingine ya 2 na ya 3, ni 5 kwa 5. Hapo mnafuta matokeo ya meza ya nne: wa kwanza anabaki na moja, wa pili na mbili, kombe linakwenda kwa wa pili. Kibandikeni kifungu hicho ukutani kabla saa hazijabonyezwa, maana aliyeshinda meza ya nne hatakubali kusomewa baadaye.